Chupa Nyeupe ya Mdogo Wangu

Nyumbani kwa mama, kule Matiri, kuna kabati, na ndani ya kabati kuna chupa tupu. Ni chupa nyeupe, ule weupe wa kioo, unaona mpaka upande wa pili. Mama ameichomekea maua ya plastiki na hakuna mjukuu anayeruhusiwa kuigusa. Mgeni akishakaa tu, hata uji haujamfikia, ataambiwa kwamba hiyo ndiyo chupa ya divai aliyokunywa Padre siku ya misa yake ya kwanza. Mgeni atatikisa kichwa kwa heshima. Mimi nikiwepo, hapo ndipo hukumbuka kwenda nje kutazama kuku.

Kuku wa mama nimewatazama miaka mingi sasa.

Padre ni mdogo wetu wa mwisho, wa kiume pekee. Mwenye ile chupa ni mdogo wangu wa kike, anayenifuata mimi. Mimi ni wa kwanza. Mama alipojifungua yule wa mwisho aliugua, akalala muda mrefu, na mgongo uliombeba mtoto ulikuwa wangu. Nilipanda na kushuka naye kwenye ngoro, yale mashimo tunayolimia milimani, napalilia mahindi naye amelala mgongoni ananitiririshia mate shingoni. Mdogo wangu wa kike alikuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa kushika jembe, na watu wote walimpenda. Hata mimi nilimpenda. Nilichochoka nacho ni kuona anavyopendwa.

Tulipoolewa mambo yakawa wazi zaidi. Mimi niliolewa ziwani, Lundo, na mvuvi wa Kianglikana, na ndoa tulifunga kanisani kwao. Mama hakugomba. Alisema tu kwamba njia ya kushuka siku zote ni nyepesi kuliko ya kupanda, akaendelea kuchambua kahawa. Tangu hapo nikiingia kanisani kwetu, kwa Wakatoliki, nilikaa benchi la nyuma, na wenzangu walipokwenda kukomunika mimi nilibaki nimeshika mikoba yao.

Mdogo wangu aliolewa Mbinga mjini na dereva. Mwanzoni hilo halikuninyima usingizi. Gari lilikuwa la ushirika, spea hazipatikani, mafuta hakuna, na shemeji alishinda chini ya gari kuliko ndani yake. Kisha mambo yakafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaingia, kila mmoja na mizani yake, wakimwita mkulima bwana mkubwa. Madukani, ambako tulizoea rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo, kukajaa sabuni za kunukia, vitenge, redio na biskuti za kila aina. Shemeji akachukuliwa na mnunuzi mmoja awe anamwendesha kati ya Mbinga na Songea. Haikupita misimu mingi mdogo wangu akawa na makochi, redio kaseti na kabati la vioo. Mimi nilikuwa na usipa, dagaa wetu wa ziwani, wa kuanika mchangani.

Mume wangu ni mtu mpole, hasira yake haijai kijiko. Aliniona nikirudi kutoka kwa mdogo wangu nimenuna, akasema, "Mama, huo wivu wako ungekuwa usipa, tungelisha Songea yote." Nilimwambia ashone nyavu zake aniache.

Sasa niseme habari ya chupa, maana bila hiyo hamtaelewa kilichoniuma.

Kabla ya mambo kufunguliwa, chupa ilikuwa mali. Nyumba nzima ilikuwa na chupa chache tu, zile za bia, za rangi ya chai ya rangi. Moja ya mafuta ya taa, moja ya asali, moja ya mafuta ya kula yakipatikana, na kila moja na gunzi lake la mahindi mdomoni. Wapika gongo nao walificha gongo yao kwenye chupa hizohizo, ili mgambo akichungulia aone chupa tu. Kila ukoo una habari ya mtu aliyenyanyua chupa akijua ni kinywaji, akapiga funda la mafuta ya taa. Kwetu ni mjomba, na mpaka uzeeni alikuwa ananusa hata maji. Kwa hiyo chupa ya giza ilikuwa na walakini. Chupa nyeupe ndiyo iliyokuwa na heshima, kwa sababu haikuwa na siri.

Na hata ikiwa nyeupe, kwetu mwenye kinywaji huonja kwanza. Aliyekipika hujimiminia kidogo, akanywa mbele ya watu, wakaona koo limeshuka, ndipo akammiminia mgeni wa heshima kwa mkono wake mwenyewe. Watu husema anatoa wasiwasi. Kuonja na kumimina ni haki ya aliyepika, hapewi mtu mwingine.

Ilipojulikana kwamba mdogo wetu atapata upadre, na kwamba misa ya kwanza ataisomea nyumbani, kazi ziligawanywa kwenye ukoo. Watakaobeba vipaji vya sadaka kwenda altareni, mdogo wangu na mumewe. Atakayesoma somo, binamu. Mimi jina langu halikutajwa, na nilijua sababu, sikuuliza. Nilijua pia kwamba siku ile nisingefungua mdomo kupokea komunyo mkononi mwa mtoto niliyembeba. Nililia kidogo nikianika usipa, nikamaliza. Nilichobakiwa nacho ni divai ya mezani, baada ya misa. Hiyo nilisema ni yangu. Nitaipika mimi, nitaonja mimi, nitammiminia mimi.

Kulikuwa na sista aliyezunguka kwenye vikundi vya kina mama akifundisha kupika divai ya choya, yale maua mekundu ya rosela, hakujali nani anasali wapi. Choya hupenda joto, na kule kwetu ziwani ilistawi mpaka majirani wakaacha kuipanda wakawa wanachuma kwangu. Nilikausha gunia zima, nikapanda nalo Matiri kwenye lori la mihogo. Tulipikia kwa mama. Nasema tulipika, lakini mdogo wangu alikuja na sukari na kucha zilizopakwa rangi. Mimi ndiye niliyechemsha, niliyechuja, niliyeweka hamira, niliyeamka kila alfajiri kusikiliza ndoo inavyochemka yenyewe. Nilikaa kwa mama mpaka divai ikatulia. Ilikuwa nyekundu kama damu ya samaki, safi, na harufu yake iliingia hadi chumbani.

Shemeji akaleta chupa. Alizikusanya kwenye nyumba ya wageni ya Songea walikolala wanunuzi wa kahawa, chupa tupu za divai za huko nje, boksi limechanganyika. Nyingine nyeupe, nyingine kijani kama jani la kahawa, nyingine kahawia. Sikuwahi kuona chupa za divai nyingi namna ile mahali pamoja. Nilimuuliza kwa nini hazifanani kama kilichomo ni kitu kimoja. Shemeji akasema ni maringo ya wazungu, kama sisi na vitenge.

Mama akaziosha, akazipanga kwenye jamvi, akaanza kugawa. Nyeupe zote akasogeza kwa mdogo wangu. Za kijani na kahawia akasogeza kwangu.

"Hizi nyeupe zitakaa mezani kwa mapadre," alisema. "Watu waione rangi yake. Kizuri chajiuza. Zako ni za kwaya na madereva."

Nilisema divai nimeipika mimi.

"Najua, mwanangu."

"Basi aliyepika ndiye anayeonja na kumimina."

Mama alichukua kitambaa akaifuta chupa iliyokwisha kukauka. "Pale mezani atakaa paroko na mapadre wageni," alisema. "Wataniuliza, mama, huyu binti yako anayemmiminia Padre ndoa yake iko wapi? Niwaambie nini?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa palepale. Angeweza kusema neno. Aliangalia kucha zake.

Tukajaza. Ndoo moja, siku moja, faneli moja. Za kwake zilizibwa kwa vizibo vya kizungu alivyoviokota shemeji. Za kwangu nilichonga magunzi, nikadondoshea nta ya mshumaa. Yeye akapanda na za kwake kwenye gari la mnunuzi. Mimi nikashuka na za kwangu kwenye lori, nimezifunga katika kanga, nimezipakata njia nzima.

Sista alikuwa ametuambia tuweke divai penye baridi na giza. Mdogo wangu naye alisikia. Lakini mtu mwenye kabati la vioo akiambiwa gizani anafikiri wanasemwa wengine. Mimi sikuwa na kabati, elimu yangu yote ni hiyo. Nilizisukuma uvunguni, nyuma ya magunia ya usipa, nikihofia tu zisije zikanuka samaki.

Kabla ya sikukuu nilikwenda Mbinga kununua mchele nikapita kwake. Sikutaka kupita, miguu ilipita. Alikuwa ameweka zile chupa kwenye rafu ya juu ya kabati, mkabala na dirisha, na jua la mchana lilikuwa limezipiga. Ukuta wote nyuma ya makochi ulikuwa mwekundu. Majirani walikuwa wakija kuangalia, wanasimama mlangoni na watoto. Mama naye alikuwa ameshafika mara mbili na kurudi akizisifia kijiji kizima. Nilisimama katikati ya ule wekundu na mchele wangu kichwani. Choya yangu, nimeipanda, nimeichuma, imenichubua vidole, na haikuwahi kupendeza namna ile kwangu hata siku moja. Nilitamani kabati lianguke. Mdogo wangu akaniuliza, "Dada, si zimependeza?" Nikajibu ndiyo, zimependeza.

Siku ya misa ya kwanza Matiri ilifurika. Watu walitoka mpaka Kigonsera, wengine kwa miguu. Mimi nilikaa nyuma na mikoba ya wenzangu. Nilimwona mdogo wangu akipita na kikapu cha vipaji, amevaa kitenge kipya, mumewe pembeni. Nilimwona mtoto niliyembeba akiinua kalisi, kile kikombe cha misa. Watu walipopanga foleni ya komunyo nilihesabu mikoba mapajani mwangu ili nisiangalie.

Baada ya misa meza kuu ikawekwa chini ya turubai, na zile chupa nyeupe zikapangwa mbele. Nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba, lakini mlango wa jiko unatazama turubai, na sikuwa nimefungwa macho. Niligundua kitu. Divai haikuwa nyekundu tena. Ilikuwa imefifia, imekuwa ya rangi ya tofali la kuchoma. Nilidhani ni kivuli cha turubai. Kisha nikamsikia mzee mmoja mezani akimwambia mwenzake kwamba divai ikikomaa hubadilika rangi, hata za wazungu ziko hivyo. Mama akasikia, akajaa furaha.

Mdogo wangu akasimama. Akajimiminia kidogo, akainua glasi watu wote wamwone, akanywa.

Nimelala kitanda kimoja na mdogo wangu mpaka siku niliyoolewa. Najua anavyomeza klorokwini, vile vidonge vichungu vya malaria. Nyusi hazisogei, anatabasamu, na kidole gumba cha mguu kinapanda juu. Niliangalia chini ya kitambaa cha meza. Kidole kilipanda.

Nilifurahi. Nitasemaje vinginevyo? Nilifurahi mpaka mwiko ukaniponyoka ukaingia kwenye sufuria ya pilau. Nikasema moyoni, aliye juu mngoje chini, na chini kwenyewe ndiyo hapa. Mdogo wangu hakuwa na pa kukimbilia. Ameonja, ametoa wasiwasi, lazima amimine. Akammiminia Padre. Mapadre wengine wakasubiri mwenye sikukuu anywe kwanza.

Padre akanywa. Akamtazama mdogo wangu, ambaye tabasamu lilikuwa bado limemganda usoni na macho yameanza kulowa. Kisha akanywa tena, akamaliza glasi yote, akaiweka mezani imegeuzwa kuonyesha haina kitu.

"Dada yangu," alisema kwa sauti ya altareni, "sijawahi kunywa divai kama hii."

Vigelegele vikapanda mpaka kwenye mibuni. Mama alicheza. Na furaha yangu yote ikaishia pale jikoni. Nilikuwa na wivu juu ya divai nzuri, sasa nikawa na wivu juu ya divai mbovu. Kwa ajili yangu hakuna mtu aliyewahi kumeza kitu kichungu mbele ya watu akasema ni kitamu.

Baadaye kidogo Padre alikuja jikoni kusalimia wapishi. Wanawake wote wakainuka, "Tumsifu Yesu Kristo," akajibu "Milele amina," akawapa mikono mmoja mmoja. Walipotoka na masinia ya pilau tukabaki wawili, mimi na yeye na moshi.

"Dada, una kitu cha kunisafisha mdomo?"

"Mdomo wa Padre umefanya nini?"

"Wewe nipe."

Chupa zangu za kijani zilikuwa zimekwisha kwenda kwa kwaya. Niliivuta ya kahawia nyuma ya debe la maji, nikang'oa gunzi. Hapakuwa na glasi, kulikuwa na kikombe cha bati, kilekile alichonywea uji utotoni, kimebonyea upande. Nikajimiminia kidogo. Yeye akasimama akingoja, mikono nyuma, kama mgeni yeyote wa heshima anavyongoja. Nikaonja, nikameza. Nikammiminia.

Alikunywa taratibu. Rangi ilikuwa ileile ya siku tuliyopika, ilipaka mdomo wake wa juu.

"Hii si ile ya mezani," alisema.

"Ni ileile. Ndoo moja, siku moja."

Akaichukua chupa, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama. Haikuonyesha kitu. Akaanza kucheka polepole.

"Mlimpa nyeupe akaziweka juani," alisema.

"Kabatini. Dirishani."

Akaniambia basi, amekaa juu ya kinu na mavazi yake mapya. Seminarini alikuwa anatunza sakristia, chumba cha vyombo vya misa, na huko walifundishwa kuhusu divai ya misa. Mwanga ndio adui, alisema, unapita kwenye kioo unakula rangi na harufu, na joto linamalizia. Chupa ya kahawia inazuia mwanga kuliko zote, ya kijani inazuia kiasi, nyeupe haizuii kitu. Wenye kutengeneza hutumia nyeupe kwa divai ya kunywewa mapema, au ile ambayo rangi yake ndiyo inayoiuza. Hapo zamani kioo kilitoka kijani chenyewe kwa sababu ya chuma kilichomo mchangani, hakuna aliyechagua. Watu wakaizoea, kila nchi ikashika rangi yake, bonde la mto mmoja kahawia na la mto mwingine kijani, mpaka leo wanatambuana hivyo.

Nilisikiliza yote. Nilikuwa nimeshika chupa yangu, ina moto wa mkono wangu.

"Basi nenda ukaseme hivyo mezani," nilimwambia.

Akaacha kucheka. "Dada, nikisema hivyo, yeye ataweka wapi uso wake?"

"Na mimi nimeuweka wapi wangu?"

Aliangalia ndani ya kikombe. Halafu akainuka, akanichora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, kidole chenye harufu ya mafuta ya upadirisho na choya, akaondoka. Kutoka mlangoni nilimwona akikaa mahali pake mezani. Mdogo wangu akasimama na chupa nyeupe. Padre akasogeza glasi yake.

Ile ya kahawia mama aliniomba, akaitia mafuta ya taa. Iko nyuma ya mlango wa jiko na gunzi lake mpaka sasa.

Padre akija likizo, huingia sebuleni kwanza. Huketi, huonyeshwa chupa kama vile hajawahi kuiona, huisifia, na mdogo wangu akiwepo huinamisha kichwa kwa haya nzuri inayompendeza. Kisha Padre husema anakwenda kunywa maji. Anakuja jikoni na kikombe cha bati mkononi. Mimi nimekwisha kuchomoa gunzi la chupa nyingine ya divai niliyopanda nayo kutoka ziwani. Anasimama, mikono nyuma, ananingoja nionje.

Naonja. Namimina. Na kila mara namuuliza, "Umewaambia?"

Hunywa kwanza, akamaliza.

"Bado, dada."